Mchicha wa Bibi Perpetua na Maji ya Mkwe

Kama hujawahi kufika Newala, elewa kitu kimoja tu: maji ni shida. Tuko juu, upepo mzuri, Ruvuma tunaiona kule chini inang'aa, lakini maji ya kupikia unayafuata bondeni na ndoo kichwani. Unashuka unapiga stori, unapanda huongei na mtu. Hiyo ni leo. Sasa rudi mpaka mwaka sabini na tatu, toa pikipiki, toa matenki ya plastiki, toa kila kitu, halafu mwanamke mmoja asimame kwenye jua la mwezi wa kumi aseme, "Mimi naanza bustani ya mboga. Hapa hapa nyumbani. Kabla ya mvua."

Huyo ni Bibi Perpetua, mama mzazi wa bibi yangu Imakulata. Wakati huo Imakulata alikuwa binti mbichi kabisa, ameolewa juzi juzi, kwa hiyo humu ndani namwita Imakulata tu, atanisamehe.

Bibi Perpetua hakuwa mtu wa kukurupuka. Tatizo lilikuwa kijiji. Zamani walikaa upande wa Mkunya, nyumba peke yake katikati ya mikorosho, mboga zimezunguka mlango. Ugali uko jikoni, unatoka na kikapu, unarudi na majani ya kunde, maji hata hayajachemka. Halafu vikaja vijiji vya Ujamaa. Huku kwetu vilianza mapema kwa sababu ya vita vya Msumbiji, maana Wareno walikuwa ng'ambo tu ya mto na serikali ilitaka watu wakae pamoja, wasiokotwe mmoja mmoja. Basi wakahamishwa. Nyumba zikapangwa mstari kama watoto wa shule. Kila nyumba kiwanja chake, choo kimoja, bafu moja. Shamba likabaki kule kule Mkunya, mwendo wa kutoka asubuhi na kurudi jioni.

Bibi Perpetua alichukia mstari. Alichukia kusikia jirani anapiga chafya. Kitu kimoja tu alikipenda, kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, cheusi kidogo, kina kivuli cha jioni. Akakitazama kama mtu anavyotazama kitenge dukani.

Na hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwenye mkutano: vipande vya nyuma vyote vitakaguliwa kabla ya mvua. Kitakachokutwa na mboga kinabaki kwa mwenye nyumba. Kitakachokutwa kitupu kinakatwa, anapewa mtu mwingine, maana wageni wanaokimbia kutoka mpakani ni wengi na ardhi inakaa bure.

"Mboga gani zinaota mwezi wa kumi?" Bibi Perpetua aliuliza, amesimama palepale mkutanoni.

Aliyejibu ni Bwana Shamba. Anaitwa Edmund, kijana mpole, shati limenyooka, mtu wa Kilimanjaro, na huko kwao, alisema mwenyewe, maji yanapita kwenye mifereji mbele ya mlango.

"Ni rahisi sana mama," akasema. "Unaandaa tuta, unaweka samadi, unamwagilia asubuhi na jioni."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo. Edmund naye akacheka, hajui anachekea nini.

Bibi Perpetua hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anaongea peke yake. "Asubuhi na jioni! Mimi naosha uso kwa kikombe, yeye mchicha wake unaoga mara mbili!"

Lakini usiku huohuo akili ikafanya kazi. Maji ya kumwaga hakuwa nayo. Maji yaliyokwisha kumwagwa je? Watu wanaoga. Wanaosha vyombo. Wananawa. Yale maji yanakwenda wapi? Yanatoka kwenye tundu la bafu, yanaingia mchangani, yanapotea bure kama mshahara wa mlevi.

Asubuhi akapima kwa miguu kutoka bafuni mpaka kwenye kile kipande. Karibu tu, na kuna mteremko. Akachukua jembe, akachimba mfereji mwembamba, akaupaka udongo wa kichuguu ili usinywe maji njiani. Kule mwisho akautawanya vidole vidole, kila kidole kinaingia kwenye tuta lake. Mchicha, bamia, nyanya chungu na mnavu. Samadi alimwomba jirani mwenye mbuzi. Uzio akasimika vijiti vya muhogo, akafunika vitalu kwa makuti juani. Nakwambia, ungemwona ungesema huyu ndiye Bwana Shamba.

Halafu akakaa chini na familia yake, kuwapa masharti.

"Kuanzia leo hakuna kuoga pengine. Hakuna kunawia mlangoni. Kila tone liingie bafuni."

Mume wake, Mzee Gabriel, akauliza, "Na kama sitaki kuoga?"

"Wewe lini umetaka? Jumapili kwa Jumapili, tena mpaka padri akutazame vibaya. Sasa utaoga kila siku."

"Kwa ajili ya mchicha?"

"Kwa ajili ya mchicha."

"Perpetua, mimi nimeoga kwa ajili ya harusi, nimeoga kwa ajili ya Pasaka. Kwa ajili ya mchicha, hapana."

Basi ikawa hivyo. Mzee Gabriel aliingia bafuni, alipiga kelele nyingi, alikohoa, aliimba, akatoka mkavu. Bibi Perpetua alikuwa anasimama kwenye tundu anasubiri maji kama paka kwenye shimo la panya. Hakuna kitu. "Umeoga nini wewe, upepo?" Imakulata alijitahidi, lakini mtu mmoja ataoga kiasi gani? Mbegu ziliota, zikatoa vijani viwili viwili, zikasimama hapo hapo, nyembamba, za njano, kama zinaomba ruhusa ya kufa.

Na kuku! Kuku wa jirani walipita kwenye uzio wa muhogo kama haupo. Na huyo jirani sasa, Mwanaheri, Mama Stamili, Myao aliyetoka upande wa Masasi. Yeye na Bibi Perpetua walikuwa watani, na mtani huwezi kumkasirikia. Hiyo ndiyo adhabu yake. Akikuibia unacheka, akikutukana unacheka.

"Mama Imakulata," anasema juu ya uzio, "kuku wangu wamelalamika. Mchicha wako hauna nyama."

"Chukua kuku wako kabla sijamfanya mboga."

"Utampikia nini, huna maji!"

Hivyo ndivyo mwezi wa kumi ulivyokwenda. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, msimu wa korosho, Bibi Perpetua na Mzee Gabriel wakawa wanashinda Mkunya wanaokota, wanarudi jioni migongo imepinda. Na hapo sasa ndipo maajabu yalipoanza. Kila jioni akirudi anakuta matuta yamelowa. Yamelowa kweli, siyo kudanganya. Mchicha ukanyanyuka. Ukawa kijani, ukatanuka, ukaanza kusukumana. Bamia zikashika. Bibi Perpetua akapiga magoti pale, akashika udongo, akaunusa.

"Imakulata mwanangu," akasema, "Mungu akuzidishie. Unaoga kama bata."

Imakulata akaitikia tu, "Asante mama," akaendelea kukuna nazi. Mpaka leo anasema alidhani mama yake anajua.

Mchicha ulipobanana ikabidi kupunguza, na ule wa kupunguzwa huutupi, unaupika. Bibi Perpetua akapika na nazi. Akala. Akala tena kesho yake. Alimpelekea Mama Stamili bakuli zima, makusudi, ili kumfunga mdomo.

Mdomo haukufungwa. Kesho yake Mama Stamili alikuja uzioni anafuta vidole.

"Mama Imakulata, mboga yako tamu. Ina chumvi chumvi hivi. Nimejiuliza, hii chumvi imetoka wapi? Kumbe ni jasho la mkwe wako!"

"Mkwe gani?"

"Una wangapi? Pancras! Si ndiye anayeoga humo kila siku saa tisa, ndoo mbili, sabuni ya mche, povu mpaka kwenye bamia? Mimi nakaa hapa nachambua mchele, namsikia. Mwenzangu, umekula mkwe na nazi!"

Hapa nisimame nieleze, maana wengine mtasema, si maji tu? Kwenye ukoo wetu mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wa kukimbiana. Siyo ugomvi, ni heshima. Hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Hawali sahani moja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Wakiongea wanapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wamekaa chumba kimoja. Na mwanaume akioa, kwanza anakuja kukaa kwa kina mke, kwa hiyo nyumba inajengwa kwa akili. Kule Mkunya yalikuwepo mabafu mawili, la mkwe liko ng'ambo kabisa, maji yake yanakwenda porini. Kijijini serikali imesema bafu moja. Na wakati Bibi Perpetua anachimba mfereji wake, Pancras hakuwepo! Alikuwa kwenye mgambo, analinda bondeni. Aliporudi akapata kazi ya kubeba magunia kwenye ghala la korosho. Anatoka mchana kajaa vumbi hadi kope, anashuka bondeni mwenyewe, anapanda na maji yake, anaoga haraka kabla mama mkwe hajarudi kutoka shambani, ili wasigongane. Heshima tupu! Kijana wa watu hana kosa hata moja.

Bibi Perpetua alisimama pale uzioni, jembe mkononi. "Nnungu wangu," akasema. Hicho ni Kimakonde, anamwita Mungu. Halafu akaenda nyuma ya jiko kusukutua mdomo, na alisukutua kwa maji safi ya kunywa, ambayo siku zote alikuwa hamruhusu mtu hata kunawia.

Jioni hiyo nyumba haikukalika.

"Imakulata! Mwambie mwenzio asitumie bafu langu."

Pancras yupo pale pale mlangoni, kageukia ukuta. "Imakulata, mwambie mama nimesikia, naomba radhi, sikujua maji yanakwenda wapi."

"Imakulata, mwambie simlaumu. Ila kwa nini anaoga sana hivyo? Kazaliwa baharini?"

"Imakulata, mwambie mama ni vumbi la magunia."

"Jamani, mnasikiana!" Imakulata akapiga kelele. "Mnasikiana wote wawili! Mimi nimekuwa redio?"

Mzee Gabriel alikuwa anacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mimi nilisema nini? Nilikataa kuogea mchicha. Mimi peke yangu ndiye mwenye heshima humu."

Bibi Perpetua akaziba mfereji kwa udongo. Pancras naye, kwa aibu, akaacha kabisa kuoga nyumbani, akawa anaogea kwa rafiki yake upande wa pili wa kijiji, anarudi kapauka vumbi la njiani. Hapo ndipo jua likasema, haya, zamu yangu. Mwezi wa kumi na moja kwetu jua halina utani. Siku ya kwanza mchicha uliinamisha kichwa. Ya pili ukalala. Bamia zikakunja majani kama watu wenye baridi. Bibi Perpetua akamwaga maji ya vyombo, akamwaga ya kuoshea mchele, akamkamata Mzee Gabriel na kumwogesha kwa nguvu uani, mtu mzima, anapiga mayowe. Tuta moja likalowa, mengine yakapasuka.

Na mjumbe akapita nyumba kwa nyumba. "Ukaguzi keshokutwa. Bwana Shamba na mwenyekiti. Kipande kikavu kinakatwa."

Sasa mtazame. Upande mmoja kuna kipande chake, ardhi pekee iliyobaki mlangoni kwake tangu wamhamishe. Upande mwingine kuna maji ya kukiokoa, na hayo maji yako mgongoni kwa mtu ambaye hata jina lake halitamki. Akifungua mfereji, kijiji kizima kinajua, maana Mama Stamili ana mdomo. Asipofungua, keshokutwa anakuja mgeni na kamba kupima nyumba ya kwake nyuma ya jiko lake.

Alizunguka yale matuta asubuhi nzima. Anaongea na bamia. Anamtukana Edmund na mifereji yao ya Kilimanjaro. Anawatukana Wareno. Anamtukana aliyegundua mstari. Mama Stamili akachungulia, safari hii sauti ya chini kidogo.

"Mama Imakulata, nipe mimi hicho kipande. Mimi Pancras siyo mkwe wangu, akioga hata mara kumi nakula."

"Kufa."

"Basi mpe ambaye anaweza kula."

Alisema hivyo kiutani tu. Lakini Bibi Perpetua akamtazama muda mrefu, hadi Mama Stamili akaogopa akarudi kwa kuku wake.

Bibi Perpetua akamwita Imakulata. Hakumwambia maneno mengi. Alimpa jembe, lile jembe lake, mpini umelainika. "Hii bustani yako. Matuta yako, uzio wako, hicho kipande mpaka kwenye ule mpapai. Kuanzia sasa mimi siingii."

"Mama, kwa nini? Umehangaika nayo—"

"Maji ya mumeo ni halali kwako. Kwangu siyo. Wakikikata kitakwenda kwa watu. Kikiwa chako kimebaki kwetu. Usinilize, nenda kazibue mfereji wako, na mwambie mwenzio aoge. Aoge kama hajawahi kuoga."

Na kweli bwana, Pancras alioga. Siku hiyo aliomba ruhusa ghalani, akashuka bondeni na debe, akapanda, akaoga. Akashuka tena, akapanda, akaoga. Watu wakamuuliza njiani, "Pancras, una upele?" Anapita na debe lake. Imakulata amesimama nje ya bafu, mkono kiunoni: "Sugua! Bado nyanya chungu hazijapata!" "Imakulata nimechoka, ngozi inatoka!" "Nani alikutuma uoe Newala? Mwaga!" Bibi Perpetua alikuwa amekaa mbele ya nyumba, mgongo ameupa bustani, anachambua korosho ambazo zilishachambuliwa.

Keshokutwa ikafika. Mchicha umesimama. Siyo wote, pembeni kule uliungua, lakini katikati kijani kinawaka, na kwenye mstari mzima wa nyumba ndiyo bustani pekee iliyoonekana bustani. Kwingine vijiti tu. Edmund alipofika alifurahi kama kapata barua ya kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mwenyekiti, umeona? Niliwaambia, asubuhi na jioni! Bustani ya nani hii?"

Mwenyekiti anamtazama Bibi Perpetua. Mama Stamili kajaa uzioni, kaziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanatetemeka. Mzee Gabriel katazama juu, eti anatafuta mawingu.

"Ya binti yangu," Bibi Perpetua akasema. "Imakulata."

"Hongera sana Imakulata! Basi kipande hiki ni chako, hakuna wa kukigusa. Mwenyekiti umesikia." Mwenyekiti akaitikia. Halafu Edmund akamgeukia Bibi Perpetua, uso umejaa huruma ya kitaalamu. "Na wewe mama, ya kwako iko wapi?"

"Sina."

"Huna? Mama, hii siyo vizuri. Binti mdogo hivi ameweza, wewe mtu mzima umekaa tu. Jifunze kwa mwanao. Mwambie akuonyeshe alivyochimba mfereji, ni kazi ya akili sana hii."

Bibi yangu anasema hajawahi kuona mama yake amekunjamana uso namna ile, wala siku ya kuhamishwa. Mishipa ya shingo ikasimama. Mdomo ukafunguka. Pancras nyuma ya nyumba akakohoa, na hicho kikohozi ndicho kilichomkumbusha maji yametoka kwa nani.

"Nitajifunza," akasema.

Edmund akampigapiga begani, akaondoka na mwenyekiti wake kwenda nyumba ya jirani, ambako walikuta kuku na mchanga.

Mvua ilipokuja ilikuja kweli, na mchicha ukawa wa kukata kwa mundu. Bibi Perpetua akawa anasimama nje ya uzio, hakanyagi ndani hata kidole, ananyoosha kijiti: "Palilia pale. Siyo pale, pale! Unaning'inia kwenye bamia kama popo, kata chini!" Imakulata anakata, anafunga mafungu, anapika ya kwake na Pancras. Fungu moja kubwa linapita juu ya uzio kwenda kwa Mama Stamili, na kutoka kwa Mama Stamili linarudi bakuli la kisamvu, ndiyo mboga ya Bibi Perpetua.

Anakula kakaa kwenye kigoda, kaipa bustani mgongo, anatafuna polepole.

"Huyu Myao," anasema, "hajui kutwanga."